Taji Moja, Dola Nyingi: Juu ya Ufalme wa Kushirikiana na Mwaka Mmoja wa Malkia wa Tanganyika

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961, bendera ya Uingereza iliposhushwa Dar es Salaam na ya Tanganyika ikapandishwa, lilitukia jambo ambalo wengi wa waliokuwapo hawakulitambua, na ambalo vitabu vyetu vya historia huligusa kwa nusu ya sentensi. Nchi ilipata uhuru. Na kwa sheria ile ile iliyoipa uhuru, ilipata malkia. Sisemi kwamba ilibaki na malkia wake wa zamani. Ilimpata siku ile, kwani kabla yake hakuwa wake.

Msomaji atakumbuka kwamba Tanganyika haikuwa koloni la Uingereza kwa maana kamili ya neno hilo. Ilikuwa koloni la Wadachi mpaka Vita Kuu ya kwanza; kisha Waingereza wakapewa kuiangalia kwa niaba ya Shirika la Mataifa, na tangu mwaka wa 1946 kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, kwa jina la nchi ya udhamini. Mdhamini si mwenye mali. Kwa hiyo wenyeji wa Tanganyika hawakuwa raia wa Mfalme wa Uingereza bali watu waliokuwa chini ya ulinzi wake. Sheria ya uhuru iliyopitishwa London mwaka wa 1961 ndiyo iliyotangaza kwamba tangu siku ile nchi itakuwa sehemu ya milki za Malkia. Uganda, iliyokuwa nchi ya himaya, ilipitia mlango huo huo tarehe 9 Oktoba, 1962. Katika nchi tatu za bara, ni koloni la Kenya peke yake lililokuwa milki ya Malkia tangu awali, na hata huko ukanda wa pwani ulikuwa na mambo yake, kama tutakavyoona.

Kwa hiyo wale wasemao kwamba Malkia alikuwa salio la ukoloni ambalo uhuru ulichelewa kulifuta wanasema kweli kwa upande wa hisia, lakini kwa upande wa sheria wamegeuza mambo juu chini. Nataka kueleza katika makala haya ni ufalme wa namna gani huu ambao mtu mmoja anakuwa mfalme wa dola nyingi zilizo huru, hata zikawa na haki ya kupigana zenyewe kwa zenyewe. Na kwa nini katika Afrika ya Mashariki, kila ulipowekwa, ulidumu mwaka mmoja kamili na haukuzidi hata siku moja.

Habari ya mtawala mmoja kuwa na nchi mbili haikuwa ngeni kwa watu wa pwani. Sayyid Said bin Sultan alitawala Maskati na Unguja kwa pamoja, akivuka bahari kwa pepo za kaskazi na kusi, na alipokufa mwaka wa 1856 alikuwa baharini, katikati ya nchi zake mbili, ndani ya merikebu yake iliyoitwa kwa jina la Malkia Victoria. Mara tu baada ya kufa kwake wanawe walianza kugombana, Thuwain akiwa Maskati na Majid akiwa Unguja. Shauri likapelekwa kwa Lord Canning, mtawala wa Uingereza huko Bara Hindi, naye mwaka wa 1861 akaamua nchi zitengane, na Unguja iilipe Maskati riyali 40,000 kila mwaka. Hapo twaona desturi ya zamani ya ufalme wa nchi mbili: nchi zilifungwa pamoja na mwili wa mtu, na mwili ulipoondoka ilibidi pawe na mwamuzi wa kugawa. Ufalme ninaousimulia hapa ni kinyume chake. Mtu hugawanyika angali hai, wala nchi hazigombanii urithi wake, kwa sababu mkononi mwake hamna kitu cha kurithi ila jina.

Mgawanyiko huo haukutangazwa siku moja. Kanada, Australia, New Zealand, Afrika Kusini na Ireland zilikuwa zimekwisha kujitawala kwa mambo ya ndani, lakini taji lilihesabiwa kuwa moja, na mashauri yake kuwa ya London. Mkutano wa mwaka wa 1926 ulikubali kwamba nchi hizo na Uingereza zi sawa kwa daraja, wala hapana iliyo chini ya mwenziwe, na kwamba Gavana Mkuu katika kila nchi awakilishe Mfalme, asiwe tena mjumbe wa serikali ya Uingereza. Maneno hayo yalikuwa mazuri, na kama yalivyo maneno mazuri ya mikutano, yalingoja mtu wa kuyajaribu.

Aliyeyajaribu ni James Scullin, waziri mkuu wa Australia. Mwaka wa 1930 alitaka Sir Isaac Isaacs awe Gavana Mkuu, mzaliwa wa Australia, mwana wa fundi cherehani. Mfalme George wa Tano hakupenda hata kidogo. Alizoea kuwapeleka huko mabwana wa ukoo aliowafahamu mwenyewe. Scullin alikwenda London, akaonana naye uso kwa uso, akasimama juu ya neno lake kwamba hili ni shauri la serikali ya Australia. Mfalme alikubali kwa moyo mzito, na mwezi wa Januari 1931 Isaacs akashika kazi. Kwa maoni yangu siku hiyo ni kubwa kuliko siku ya Sheria ya Westminster, iliyopitishwa Desemba mwaka huo huo na ambayo kila mtu huitaja. Sheria ilisema kwamba Bunge la London halitazitungia nchi hizo sheria ila kwa kutaka kwao. Lakini Scullin ndiye aliyeonyesha kwamba Mfalme wa Australia humsikiliza waziri wa Australia, hata akiwa amekaa kitini London na uso umemkunjamana.

Miaka mitano baadaye mambo yalifika mahali pa kuchekesha. Edward wa Nane alipotaka kumwoa mwanamke ambaye mawaziri wake hawakumkubali, alitia sahihi hati ya kujiuzulu tarehe 10 Desemba, 1936. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria yake tarehe 11. Afrika Kusini, kwa sheria waliyojitungia mwaka uliofuata, walihesabu kwamba ufalme wa Edward ulikwisha tarehe 10, alipotia sahihi. Ireland hawakupitisha yao mpaka tarehe 12. Basi kwa kufuata herufi za sheria, palikuwa na siku ambayo Edward alikuwa mfalme Dublin na si mfalme London, na siku nyingine ambayo nduguye George alikuwa mfalme Pretoria naye hajawa mfalme kwa Waingereza wenyewe. Wanasheria waliliona jambo hilo kama kichekesho cha karatasi. Mimi naona ndiyo mara ya kwanza karatasi kusema ukweli: mataji yalikwisha kuwa mengi.

Kichekesho kiligeuka kuwa damu mwaka wa 1939. Uingereza ilipotangaza vita na Ujerumani tarehe 3 Septemba, Australia na New Zealand zilijihesabu vitani siku hiyo hiyo. Afrika Kusini waligawanyika: waziri mkuu Hertzog alitaka nchi isiingie, Bunge likamshinda kwa kura 80 kwa 67, Gavana Mkuu akakataa ombi lake la kuitisha uchaguzi, na Smuts akashika serikali, vita vikatangazwa tarehe 6. Kanada walingoja Bunge lao likutane, na vita vyao vikaanza tarehe 10. Ireland haikuingia kabisa, nayo bado ilimtumia Mfalme yule yule katika mambo yake ya nchi za nje. Kwa wiki nzima mtu mmoja, George wa Sita, alikuwa vitani kama mfalme wa Uingereza na katika amani kama mfalme wa Kanada. Na kwa vita vyote alikuwa adui wa Ujerumani huku sahihi yake ikitumika kwa mabalozi wa nchi isiyofungamana na upande wo wote. Baada ya vita likaja la ajabu zaidi: tangu Oktoba 1947 mpaka mwisho wa 1948 majeshi ya India na Pakistani yalipigana Kashmir, na nchi zote mbili zilikuwa na mfalme mmoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, twasema. Lakini mithali haikutuambia itakuwaje fahali mmoja akikaa mazizi mawili yenye kurushiana mawe.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo juu ya lugha, kwani ufalme huu wote unakaa juu ya neno moja, nalo katika Kiswahili limetupoteza. Katiba za nchi hizi husema kwamba mfalme, au Gavana Mkuu kwa niaba yake, atafanya jambo fulani "kwa ushauri wa" mawaziri. Mswahili akisikia shauri anafikiri habari ya watu waliokaa barazani: mmoja anatoa maoni, mwenziwe anayapima, na mwenye uamuzi huchukua au huacha. Ndiyo maana mtu akikaidi huambiwa "shauri yako". Lakini ushauri wa katiba hauachwi. Mfalme mwenye kufungwa na katiba akiisha kushauriwa na waziri mkuu wake, amekwisha kuamriwa. Ni amri iliyovishwa kanzu ya ushauri. Swali la kuuliza juu ya mfalme wa namna hii, basi, si kwamba anakaa wapi au ni wa kabila gani, bali ni nani mwenye haki ya kumshauri. Mtu mmoja aweza kuwa mfalme wa nchi kumi na tano ikiwa ana washauri wa namna kumi na tano, na kila kundi linasikilizwa kwa mambo ya kwao tu.

Jina la Gavana Mkuu nalo lilikuwa baya zaidi. Gavana wa kikoloni alikuwa na nguvu kweli: alitoa amri, aliweza kuwaweka watu kizuizini, alisimamia Baraza la Kutunga Sheria. Siku ya uhuru nguvu zile zilikwenda kwa waziri mkuu, na mtu aliyebaki katika jumba lile akapewa nafasi ya kutia sahihi na kupokea wageni. Kiswahili kilimwitaje mtu huyu aliyevuliwa karibu kila kitu? Kiliongeza "Mkuu". Na kwa kuwa Sir Richard Turnbull, gavana wa mwisho wa Tanganyika, ndiye aliyefanywa Gavana Mkuu, na Sir Walter Coutts vivyo hivyo Uganda, na Malcolm MacDonald vivyo hivyo Kenya, mwananchi aliona mtu yule yule, katika nyumba ile ile, amepandishwa cheo. Anayetaka kujua kwa nini mpango huu haukukubaliwa na watu wetu asianze na siasa. Aanze na neno hilo.

Ama neno "Taji", kwa maana ya dola yenyewe, halikupata kuingia katika Kiswahili cha watu. Penye taji Mwingereza, Mswahili alisema serikali. Kule Kenya lakini watu walilijua kwa upande mmoja mchungu. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1915 ilihesabu kwamba hata ardhi waliyokalia makabila ya Kiafrika ni ardhi ya Taji, na mkulima aliyefukuzwa shambani alifundishwa kwamba mwenye shamba ni mtu wa ng'ambo ambaye hajamwona. Huyo asingeweza kuambiwa mwaka wa 1963 kwamba taji sasa ni chombo kitupu kisicho na nguvu, akasadiki. Naye Malkia Elizabeth mwenyewe alikuwa Kenya, mlimani karibu na Nyeri, baba yake alipofariki tarehe 6 Februari, 1952. Aliupata ufalme katika nchi ambayo kabla ya mwaka ule kwisha ilitangazwa kuwa katika hali ya hatari, kwa ajili ya ardhi hasa.

Sasa turudi Dar es Salaam. Kwa muda wa mwaka mmoja, katiba ya Tanganyika ilisema kwamba Bunge ni Malkia pamoja na Baraza la Taifa, na kwamba uwezo wa kuendesha serikali uko kwa Malkia. Kwa vitendo Malkia hakuamua hata jambo moja. Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu mwezi wa Januari 1962 na Rashidi Kawawa akashika mahali pake, mabadiliko hayo yalipita kwa Gavana Mkuu bila London kuulizwa lo lote. Uhuru ulikuwa kamili tangu siku ya kwanza. Anayesema kwamba Tanganyika ilijitawala mwaka wa 1962 na si wa 1961 anachanganya alama na kitu chenyewe.

Hata hivyo waliotaka jamhuri walikuwa na haki, na hoja yao, kama ilivyoandikwa katika hati ya serikali ya mwaka wa 1962, ilikuwa ya kina kuliko chuki ya wageni. Walisema kwamba katika mawazo ya watu wa Tanganyika heshima na nguvu havitengani: anayeheshimiwa kama mkuu wa nchi ndiye anayetawala, awe chifu, awe mfalme, awe rais. Mpango wa kumpa mmoja heshima na mwingine nguvu, ambao Waingereza waliufikia baada ya mamia ya miaka na kichwa cha mfalme mmoja kukatwa, usingeeleweka hapa. Kwa hiyo rais mpya alipewa vyote viwili. Tarehe 9 Desemba, 1962, Nyerere akaapishwa. Mtu aweza kuona leo kwamba hoja ile ilikuwa na makali ya pande mbili: ilimwondoa malkia asiye na nguvu, ikamleta rais mwenye nguvu ambazo Gavana Mkuu hakuziota. Wachache waliliuliza swali hilo wakati ule, na katika furaha ya jamhuri hawakusikika sana.

Uganda walijaribu njia nyingine, na mambo yao yanafundisha zaidi. Nchi ile ilikuwa na wafalme wake wanne, wa Buganda, Bunyoro, Toro na Ankole, nao kwa mwaka mmoja walikuwa na malkia wa mbali juu yao wote. Tarehe 9 Oktoba, 1963, alipoondolewa, kiti chake alipewa Kabaka wa Buganda, Mutesa wa Pili, kwa jina la Rais asiye na nguvu, mwenye kufuata ushauri wa waziri mkuu Milton Obote. Yaani waliuchukua ufalme wa kushirikiana, wakauingiza ndani ya nchi moja: mtu mmoja, mataji mawili. Lakini Malkia aliweza kuwa wa wote kwa sababu hakuwa wa mtu. Kabaka alikuwa wa Buganda kwa damu na mila. Ilipofika mwaka wa 1964 kura ikapigwa katika kaunti za Buyaga na Bugangaizi, na watu wakachagua kurudi Bunyoro, Mutesa alijikuta akitakiwa kama Rais kukubali jambo ambalo kama Kabaka alipaswa kulipinga. Washauri wake wawili walimvuta huku na huku, wala hapakuwa na bahari kati yao. Mei 1966 jeshi lilishambulia jumba lake Mengo, naye akakimbia, akafia London mwaka wa 1969.

Na pwani ya Kenya? Ukanda wa maili kumi haukuwa koloni. Ulikuwa mali ya Sultani wa Unguja, uliokodishwa kwa Waingereza tangu 1895, na bendera yake nyekundu ilipepea Ngome ya Yesu miaka yote hiyo. Mwezi wa Oktoba 1963, kwa mapatano yaliyofanywa London, Sultani aliuachia. Unguja yenyewe ilipata uhuru tarehe 10 Desemba, 1963, chini ya mfalme wake mwenyewe mwenye kufungwa na katiba, Sayyid Jamshid bin Abdullah, wala haikupata kuwa chini ya taji la Malkia. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, yakamwondoa. Basi mtu wa Mombasa aliyelala tarehe 11 Desemba, 1963, alilala katika nchi ya Sultani, akaamka katika nchi ya Malkia, na baada ya mwaka mmoja akaamka tena katika jamhuri. Kwa siku mia tatu na sitini na saba watawala watatu walipita juu ya paa lake, na bei ya samaki sokoni haikubadilika kwa ajili ya hata mmoja wao.

Mtu aweza kusema kwamba haya yote ni mambo ya sherehe, na kwamba hakuna aliyedhurika kwa swali la nani humshauri nani. Habari ya Rhodesia inakataa. Ian Smith alipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba, 1965, hakumkana Malkia. Alidai kwamba yu mtiifu kwake kama Malkia wa Rhodesia, akamwomba amweke mtu wake kuwa Gavana Mkuu. Jibu likaja kwamba Malkia hawezi kupokea kile kinachojiita ushauri kutoka huko. Kwa maneno mengine, hapana malkia pasipo mshauri wa halali. Tanzania, kwa kuona kwamba Uingereza haifanyi vya kutosha kuuvunja uasi ule, ilikata uhusiano wa kibalozi nayo mwezi wa Desemba mwaka huo. Na mwezi wa Machi 1968 Waafrika watatu waliohukumiwa kufa walipata msamaha wa Malkia, uliotolewa kwa ushauri wa mawaziri wa London. Mahakama ya Salisbury ilisema msamaha huo hauna nguvu kwao. Wakanyongwa, kwa jina la serikali iliyokuwa bado ikidai kumtii aliyewasamehe. Miaka miwili baadaye Rhodesia ikajiita jamhuri.

Katika nchi nyingine taji hili liliendelea, na mara mojamoja likaonyesha meno yasiyotarajiwa. Australia, tarehe 11 Novemba, 1975, Gavana Mkuu Sir John Kerr alimfukuza waziri mkuu Gough Whitlam, ambaye ndiye aliyemteua. Spika alimwandikia Malkia amrudishe. Akajibiwa kupitia katibu wake kwamba si haki yake kuingilia, kwani katiba ya Australia imempa Gavana Mkuu uwezo huo. Barua za Kerr na jumba la Malkia zilifungwa mpaka mahakama kuu ya nchi ile ilipoamua mwaka wa 2020 zifunguliwe. Hapo yaonekana upungufu wa mpango wenyewe: mfalme wa mbali hawezi kudhulumu, lakini pia hawezi kuzuia mwakilishi wake asidhulumu. Grenada nayo, Marekani walipoivamia Oktoba 1983, ilikuwa nchi ya Malkia. Serikali yake ya London ilipinga uvamizi, wala haikusikilizwa, na Gavana Mkuu wa Grenada aliukaribisha. Sidhani kwamba kuna mfano ulio wazi zaidi wa taji lililogawanyika.

Nchi ambayo ningependa wataalamu wetu waiangalie zaidi ni Papua New Guinea. Nusu yake ya kaskazini ilikuwa ya Wadachi kama Tanganyika, ikawekwa chini ya udhamini kama Tanganyika, ila mdhamini wake alikuwa Australia. Ilipojitawala mwaka wa 1975, wajumbe wake walijichagulia wenyewe kumtaka Malkia awe mkuu wa nchi, na Gavana Mkuu wao huchaguliwa kwa kura ya Bunge kabla ya kuteuliwa. Nchi ile ina lugha zaidi ya mia nane. Labda watu wa namna nyingi hivyo waliona nafuu kumheshimu mtu ambaye hakuwa jirani wa ye yote. Tanganyika ilikuwa na makabila zaidi ya mia moja, lakini ilikuwa pia na lugha moja ya kuwakusanya, na ndani ya lugha hiyo kiongozi aliyejulikana kwa wote. Katika lugha yao ya mchanganyiko Malkia aliitwa Misis Kwin, na mwanawe Charles alipowatembelea mwaka wa 2012 alijitambulisha kwa lugha hiyo hiyo kuwa mtoto wa kwanza wa Misis Kwin, watu wakashangilia. Kiswahili hakikupata kumpa Elizabeth jina la nyumbani namna ile. Alibaki Malkia wa Uingereza, hata katika mwaka ambao kwa sheria alikuwa Malkia wa Tanganyika.

Afrika ilikuwa na nchi kumi zilizoshiriki taji hilo kwa wakati mmoja au mwingine, tangu Afrika Kusini mpaka Gambia, na ya mwisho kulivua ni Morisi, mwaka wa 1992. Nyingi hazikuvuka miaka mitatu. Kwingineko hakuna haraka: Australia walipigiwa kura ya jamhuri mwaka wa 1999 wakaikataa, na Saint Vincent vivyo hivyo mwaka wa 2009, Barbados ikaondoka tarehe 30 Novemba, 2021, na aliyekuwa Gavana Mkuu wake, Sandra Mason, akawa rais. Zilipotaka kubadili sheria ya urithi ili mtoto wa kike asiruke na nduguye mdogo wa kiume, nchi zote kumi na sita za wakati ule zilikubaliana Perth mwaka wa 2011, na ilichukua mpaka Machi 2015 kila moja kumaliza taratibu zake; hawakutaka tena siku za 1936. Elizabeth alipofariki tarehe 8 Septemba, 2022, Charles wa Tatu alirithi mataji kumi na matano.

Kwetu alama iliyobaki ni tarehe tu, na hata hiyo kila nchi imeisoma kwa namna yake. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba na ikawa jamhuri tarehe 9 Desemba. Kenya vivyo hivyo tarehe 12. Siku moja ikabeba mambo mawili, la kumpata malkia pamoja na uhuru, na la kumwacha. Bara la Tanzania lilichagua kuiita Siku ya Uhuru. Wakenya waliiita Siku ya Jamhuri, na neno lile la Kiarabu, lenye asili ya maana ya watu wengi waliokusanyika, ndilo linalotangazwa Nairobi kila mwaka.